Kitufe cha Kupanga

Valmiera, Februari. Theluji imeziba nusu ya dirisha,
nasi watatu tumepewa kalamu na karatasi ya alama
tuchague lugha itakayoendesha kiwanda cha jibini:
si lugha ya maneno, ni lugha ya visanduku
na nyaya za rangi zitambaazo toka kimoja hadi kingine.

Akaja kijana kutoka Riga, viatu vimelowa,
akaburuta kipanya, pampu ikaota kwenye skrini,
akavuta waya, tangi likajaa buluu.
"Hata mtoto aweza," akasema.
Meneja Guntars akaandika tisa
kabla sentensi haijafika nukta.

Dzidra hakuandika.
Miaka thelathini na mmoja ni fundi umeme wa zamu ya usiku,
ana kovu la mvuke mkononi na miwani iliyoungwa kwa gundi.
"Watoto hawafanyi kazi hapa," akasema.
"Nionyeshe ilivyokuwa jana na ilivyo leo,
uniambie kilichobadilika."

Picha mbili, ubavu kwa ubavu.
Tukakodoa macho kama watazamao mapacha
mmoja wao kang'oka jino la nyuma.
Hatukuona kitu.
Ulikuwa waya wa saba: umehamia vali ya pili.
Maziwa ya asubuhi nzima yangekwenda mtaroni.

"Chapisha," akasema tena, "kwa printa yetu."
Printa yetu haijui ila weusi.
Waya wa hatari na waya wa salama
wakatoka ndugu wa kijivu, baba mmoja mama mmoja.

Mimi nilikuwa na safu zangu nne:
urahisi, kasi, uzuri, bei.
Hapakuwa na safu ya saa tisa usiku,
king'ora kinalia, glavu mkono mmoja,
na aliyechora hayupo.

Ndipo kijana, akijiokoa, akatuonyesha kitufe.
"Hiki hunyoosha kila kitu."
Akafungua programu yetu ya zamani, kazi ya Vilnis
tuliyemzika mwaka juzi:
visanduku vitatu vimebanana pembeni, kimoja mbali, peke yake,
na katikati uwazi, kama mtu alisahau kumaliza.
Akabofya.
Vikajipanga safu kwa safu, mabega sawa.
Guntars akapiga makofi.

Dzidra akasimama, akagusa skrini palipokuwa patupu.
"Hapa ni mlango.
Wale watatu ni pampu za ukuta wa kaskazini.
Yule wa mbali yuko chini ya ngazi, ndiyo maana alimtenga.
Vilnis alichora jumba,
ili ukipofushwa na mvuke ujue utembee wapi."

Waya husema nani anampa nani.
Lakini ujirani nao husema,
na ujirani haumo katika sarufi waliyotuletea.

Kitufe cha kurudisha kilikuwapo, kikafanya kazi.
Hilo nalo nililiandika, haki ya mtu apewe.

Mchana ukaja wa pili, mwanamke wa Kaunas,
na lugha yake nyeusi na nyeupe, mbaya kama risiti.
Ilionyesha jana na leo. Ilichapika.
Haikugusa uwazi wa Vilnis.
Dzidra akaipa sita.
"Sita tu?" nikauliza.
"Sijalala nayo bado."
Nikaikumbuka ile nyumba ya methali,
usiyolala ndani hujui ila yake,
nikaifuta nane yangu, isipokuwa mkia wake uligoma kufutika.

Jioni kijana wa Riga alikuwa bado chini ya meza
akikusanya nyaya zake, nyaya za kweli, fundo juu ya fundo,
zote nyeusi.
Dzidra akapiga magoti kando yake bila neno,
akashika ncha moja, akaifuata kwa kidole
polepole,
mpaka ukutani.